Sebene ni nini?

Sebene ni ile sehemu ya rumba ya Kongo ambapo mashairi yanakwisha, magita yanashika usukani, na watu waliokuwa wamekaa wanainuka. Wanamuziki wa dansi wa Tanzania huiita pia chemko.

Nusu ya kwanza ya wimbo hutungwa kama kawaida: kuna beti, kiitikio, na kila mtu anajua zamu yake. Sebene haina beti. Bendi inashika mzunguko mfupi, wa sekunde chache tu, na kuurudia tena na tena. Besi, drams na gita la ridhim havibanduki hapo. Juu yake linakaa gita la mi-solo, yaani la kati, na juu kabisa gita la solo, linaloongoza.

Msikilize vizuri huyo mpiga solo. Hamwagi noti mpya kila mara. Anapiga kipande kifupi, anakirudia mpaka kikolee, kisha anabadilisha noti moja au mbili, au anakichelewesha kidogo nyuma ya mdundo. Wachezaji wakiitikia, anabaki palepale. Wakipoa, anahamia kipande kingine. Uhuru huo anapewa na wenzake wasiobadilika. Ridhim nayo ikianza kutangatanga, solo inakosa pa kuegemea na wachezaji wanapoteza hatua. Ndiyo maana naona si haki sifa zote kwenda kwa solo.

Franco, mpiga gita wa bendi ya OK Jazz, alikuwa bingwa wa kazi hii, akicharaza nyuzi mbili kwa pamoja na kukirudia kipande kimoja bila kuchosha. Kisha vijana wa Zaiko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, wakaachana na tarumbeta na saksafoni, na sebene ikazidi kutawala. Miaka ya 1980 akaongezeka atalaku, mpiga kelele wa kuchangamsha, mkononi ana kayamba ya kopo la dawa ya wadudu.

Enzi za santuri ndogo, wimbo mrefu uligawanywa pande mbili, na mara nyingi ilibidi ugeuze upande wa pili ndipo uikute sebene. Siku hizi baadhi ya watangazaji huukata wimbo mara tu mwimbaji anaponyamaza. Inauma, kwa sababu wanakata pale ambapo bendi nzima ilikuwa inaelekea tangu ubeti wa kwanza.