Caffè Lena ina zaidi ya miaka 60, sisi Tanga tulikwama wapi?

Kazi yangu ni sauti, nafunga spika na kukaa kwenye miksa kwenye taarabu, harusi na dansi hapa mjini, na kwa vile nina santuri za zamani na mdomo pia ninao, watu wakitaka stori za klabu za zamani wanaishia kwangu. Swali linalorudi ni lilelile, mji uliotoa bendi za dansi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na za taarabu kama Black Star na Lucky Star, umekosaje hata kaukumbi kamoja ambako ukienda katikati ya wiki unajua kuna mtu anapiga gitaa laivu? Wengi wanasema vijana wa siku hizi hawataki laivu. Mi hapo sikubali, na mfano wangu siku zote ni nyumba moja ya kahawa huko Marekani inaitwa Caffè Lena.

Iko Saratoga Springs, mji mdogo jimbo la New York, mji wa mbio za farasi na chemchemi. Mei 1960 mtu na mkewe, Bill na Lena Spencer, walifungua hapo mtaa wa Phila, ghorofani, unapanda ngazi. Mpango ulikuwa biashara tu, wafanye miaka michache wakusanye hela wakaishi Ulaya. Hela haikuonekana. Ndoa nayo ikavunjika, Bill akaondoka, Lena akabaki na kahawa, keki na wanamuziki wasio na pa kulala ambao alikuwa anawalisha na kuwapa mahali pa kujilaza. Bob Dylan alipiga pale 1961 kabla hajatoa albamu hata moja, na inasimuliwa watu walikuwa wanapiga soga zao tu hawana habari naye mpaka Bill akawafokea.

Sasa wengi wakisikia Dylan wanaishia hapo. Kwangu mimi Dylan si ishu kabisa, ishu ni 1989. Mwaka huo Lena alifariki, na kwa kawaida ukumbi wa mtu mmoja unazikwa na mwenyewe, ndugu wanauza viti, mwenye jengo anapangisha duka la nguo, basi. Wateja wake wakakataa. Wakaigeuza kuwa taasisi isiyo ya faida yenye bodi, watu wanajitolea mlangoni na jikoni, baadaye wakalinunua na jengo lenyewe, na 2016 wakalikarabati likawa na viti kama 110. Hakuna tena wa kusema ukumbi ni wangu nafunga.

Haya turudi kwetu. Klabu za Tanga hazikukosa wapigaji, zilikuwa nao wa kumwaga. Wilson na George Kinyonga walianzia Jamhuri Jazz hapa hapa, 1970 wakahamia Arusha, mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya na huko wakawa Simba Wanyika, bendi iliyovuma kuliko walikotoka. Black Star ndo waliotia gitaa la umeme na besi kwenye taarabu badala ya ile okestra kubwa ya Unguja yenye fidla nyingi na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa, ikawa taarabu inayotembea kama rumba, halafu wakagawanyika ikatoka Lucky Star na mwimbaji Shakila ndani yake. Kwenye dansi zetu mpigaji kwa kawaida alikuwa hana chombo, vyombo ni vya klabu au vya tajiri, kwa hiyo mkigombana unaondoka na vidole vyako tu na anayebaki na magitaa anatafuta vidole vingine. Mkigawanyika mara mbili tatu hakuna klabu tena, kuna jina.

Halafu mkonge. Hili watu hawalitaji kabisa wakati mshahara wa mashambani ndo ulikuwa unajaza kumbi. 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000, kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 90 tulikuwa chini ya tani 30,000. Sasa ukumbi unaoishi kwa bia unahitaji watu wenye hela mfukoni usiku wa mwisho wa mwezi, hela isipokuwepo bia haiuziki, bia isipouzika bendi hailipwi. Caffè Lena enzi za mama mwenyewe hapakuwa na pombe. Umaskini aliujua vizuri, lakini ukumbi wake haukutegemea watu kulewa, na kwa mtu wa sauti kama mimi hiyo inabadilisha kila kitu, maana kwenye baa nalazimika kupandisha spika juu ya makelele ya watu, nao wanapandisha sauti juu ya spika zangu, mpaka saa sita usiku hakuna anayesikia kitu.

Kahawa yetu kwenye hilo iko vizuri kuliko hata ya Wazungu. Mzee wa kahawa Ngamiani anakaa na dele lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji, kashata pembeni, kelele yake yote ni ule mlio wa vikombe akivigonganisha kuita wateja. Hamna mashine inayopuliza mvuke katikati ya wimbo. Jiko likae uani kwa ajili ya moshi, dele liingie ndani, shida imeisha.

Ila msininukuu vibaya, sisemi tuige kila kitu. Kule watu wanakaa kimya kama wako mtihani, makofi mwisho wa wimbo. Taarabu haiendi hivyo. Mama akisikia beti limemgusa, au limemgusa jirani yake, ananyanyuka taratibu na kanga yake anakwenda mpaka mbele kumtunza mwimbaji, noti moja moja, na anahakikisha anayehusika amemwona. Ukimwambia akae unaua shoo. Na ile tunzo ndo sehemu ya riziki ya mwimbaji, kiingilio peke yake hakimtoshi.

Kwa hiyo mwenye chumba Ngamiani au Chumbageni akiniuliza, kwanza namwambia chumba na vyombo viandikishwe kwa jina la chama chenye katiba, siyo jina lake wala la mwimbaji. Viti visizidi mia. Spika mbili ndogo zinatosha, mapazia mazito ukutani maana kuta za saruji zinarudisha sauti vibaya sana, na njia ya katikati iachwe pana, mama wawili wapishane wakienda kutunza bila kukanyaga nyaya zangu.