Shemeji, hakuna kibali cha GMO cha Jumuiya

Safari hii imekuja kwa sauti ya WhatsApp, dakika nne na ushee, kutoka kwa shemeji yangu anayenunua mahindi Kibaigwa. Hoja yake: Wakenya waliruhusu GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, mwaka 2022, sisi na wao ni Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, basi ugali wetu ni GMO tayari na nyie wa maabara mnatuficha. Nimeshalijibu hili misibani, kwenye vikao vya harusi, na mara moja kwa kinyozi nikiwa nimenyolewa nusu kichwa. Leo naandika, ili kesho nitume linki tu.

Jumuiya haitoi kibali cha GMO. Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa kuhusu usalama wa GMO, iliyoanza kutumika Septemba 2003, inaiachia kila nchi uamuzi wake. COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ndio waliojaribu kusogea: sera yao ya 2014 inataka tathmini ya hatari ifanyike kwa pamoja, kisha kila nchi ibebe ripoti ikaamulie kwake. Kutathmini si kuruhusu! Na sisi tulishatoka COMESA mwaka 2000, kwa hiyo hata hiyo ripoti si yetu. Majaribio yetu ya mahindi ya GMO huko Makutupora, Dodoma, yaliyoanza 2016, serikali iliyafuta Januari 2021. Uganda, Bunge lilipitisha muswada wa GMO mara mbili, Rais akaurudisha mara mbili. Rwanda wamepata sheria 2024. Kenya kwenyewe, katazo la 2012 la chakula cha GMO lilipoondolewa, watu wakakimbilia mahakamani. Zao la GMO lililofika kwa wakulima huko ni pamba, 2020. Hiyo ndiyo "Jumuiya moja" yako, shemeji.

Kinachonichoma hasa ni ile sentensi ya mwisho: "Si mpime tu mpakani."

Tu! Ukitaka uhakika wa asilimia 95 kwamba utainasa punje moja ya GMO katika kila elfu, unahitaji punje kama 3,000, karibu kilo nzima, zilizochotwa juu, katikati na chini ya lori. Mimi nimewahi kuletewa konzi moja ndani ya mfuko wa sukari, imechotwa pale turubai lilipofunguka, naambiwa inawakilisha tani 30.

Tuseme sampuli ni nzuri. Kile kijiti cha kuchovya, kipimo cha haraka, kinatafuta protini ya GMO, na unga uliopata moto mkali unaweza kukidanganya. Basi unaingia kwenye PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vyenyewe. Maabara nyingi huanza na vipande viwili vya vinasaba vinavyopatikana kwenye mazao mengi ya GMO, 35S na NOS. Sasa, mahindi ya GMO ya aina ya MON810, yaleyale yanayozungumzwa sana upande wetu huu, yana 35S lakini NOS hayana. NOS ilikatika wakati jeni inaingizwa. Maabara inayotafuta NOS peke yake itaandika "safi". Na 35S asili yake ni kirusi cha koliflawa: mashine iliyosaga kabichi yenye kirusi hicho jana, isiposafishwa vizuri, leo itamsingizia mkulima. Lori moja, maabara mbili, majibu mawili, na dereva amelala Namanga siku ya tatu.

Ushirikiano ninaoutaka mimi ni huo wa kuchosha: kuchota sampuli kwa namna moja, kutafuta vipande vilevile, kubadilishana sampuli za kulinganishia, na jibu la upande huu kukubalika upande ule. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ingawa kiwango cha ukanda kilikuwa kimoja, mikrogramu 10 kwa kilo. Kiwango tulikuwa nacho. Hatukuwa na cheti ambacho jirani angekiamini.

Nami nina mashaka yangu. Data ya usalama wa chakula naipokea kutoka Nairobi bila shida, protini ni ileile. Ya wadudu wa shambani Kitale, Kenya, siwezi kuapa kwamba inaitosha Dodoma, hata kama majaribio yalikuwa safi. Kisha kuna mama aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, anayerudi kwao na debe la mbegu alilopewa na wifi yake, kwa njia ya panya, kabla ya masika. Chavua za mahindi yake zitapeperuka hadi shamba la jirani. Yeye hapiti maabara kwangu, na sijaona itifaki inayomjua.