Mgonjwa wa Saratani Hashibi kwa Juisi ya Bitiruti

Jumanne alinipigia simu binti mmoja wa Mbagala. Shoga yake ana saratani ya titi, amemaliza dripu ya tatu ya tibakemia, na yeye amejitolea kumpikia kila siku chakula cha mimea tupu. Akanisomea ratiba. Asubuhi juisi ya bitiruti na karoti. Mchana mchicha wa kuchemsha, bila mafuta. Jioni matango, na maji ya majani ya mstafeli. "Wanga nimekata kabisa, dada, na sukari pia, maana ndiyo inayolisha saratani. Ila sasa anakonda, magauni yote yanampwaya. Nimwongezee bitiruti?"

Nimeisikia ratiba hiyo mara nyingi mno mwaka huu, ikibadilishwa mboga moja au mbili tu. Mimi ni mtaalamu wa lishe, wagonjwa wangu wengi ni wa saratani, na sijawahi kukutana na anayeifuata kwa nia mbaya. Yule binti anaamka saa kumi na moja alfajiri kukuna karoti. Anampenda rafiki yake kuliko ndugu wengi ninaowaona wodini. Lakini anamlaza njaa, na hilo nilimwambia hivyo hivyo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hakuna anayeifanya. Mgonjwa aliye kwenye matibabu tunamkadiria kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi gramu 1.5. Shoga mtu ana kilo 50. Anahitaji kalori kati ya 1,250 na 1,500, na protini kati ya gramu 50 na 75. Mchicha uliopikwa, gramu 100, una protini kama gramu 2 na kalori zisizofika 30. Ili apate gramu 50 za protini kwa mchicha peke yake, ale kilo mbili na nusu zilizopikwa. Kila siku. Mtu ambaye harufu ya kitunguu tu inamfanya ashike ndoo! Na kikombe cha juisi ya bitiruti kina kalori kama 100, protini gramu mbili tatu, kisha kinajaza tumbo ambalo lina nafasi ndogo tayari.

Sina ugomvi na mboga za majani. Zina kazi yake na ziwepo mezani. Ninachokataa ni kuzifanya chakula kizima.

Sasa sukari. Hapa ndipo ninapochoka, kwa sababu uongo wenyewe umejengwa juu ya jambo la kweli. Miaka ya 1920 mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona kuwa seli za saratani zinafakamia glukosi kuliko seli za kawaida. Ni kweli. Hata kipimo cha PET, ile picha ya kutafuta saratani mwilini, kinatumia tabia hiyo hiyo: mgonjwa anachomwa glukosi yenye alama ya mionzi, halafu mashine inatafuta imekusanyika wapi. Kosa linaingia baadaye, pale mtu anaposema, basi tukate wanga uvimbe ufe njaa. Damu ya binadamu haikai bila sukari. Usipomlisha wanga, ini linaitengeneza lenyewe, na sehemu ya malighafi linaichukua kwenye protini ya misuli. Uvimbe unapata sukari yake kama kawaida. Wanaolipa ni mapaja na mabega ya mgonjwa. Akidhoofika sana, daktari analazimika kupunguza dozi au kuahirisha dripu, na hapo ndipo tunaipa saratani nafasi hasa.

Je, suala la vyakula vyenye wanga kidogo limefungwa kitaalamu? Halijafungwa. Kuna watafiti wanaoendelea kulichunguza, hasa kwa uvimbe wa ubongo, wagonjwa wakiwa chini ya uangalizi wa karibu na mafuta yakijaza pengo la kalori. Hayo ni mbali sana na kumnyima ugali mama anayepungua kilo mbili kwa wiki. (Mwenye kisukari ana mpango wake na daktari wake, hapa simzungumzii.)

Mstafeli nitaupitia haraka. Ule ujumbe wa simu kwamba unaua saratani mara 10,000 kuliko tibakemia unatokana na seli zilizowekwa kwenye vyombo vya maabara, na kwenye chombo vitu vingi huua seli. Majani yake yana kemikali inayodhuru mishipa ya fahamu. Tunda bivu mara moja moja, kula. Majani ya kuchemsha kila siku, acha, na mwambie daktari kama umeshampa.

Haya, chakula kinachojenga kinapatikana kwa mimea tupu? Kinapatikana vizuri sana, na kwa vitu vya sokoni. Siri ni kutafuta mlo mdogo wenye vingi ndani yake, kwa kuwa mgonjwa huyu hawezi kumaliza sahani. Vijiko sita ni ushindi. Kila kijiko lazima kibebe mzigo.

Chombo changu cha kwanza ni kimea, yaani unga wa nafaka iliyochipuzwa. Aliyekunywa togwa anakijua, na Taasisi ya Chakula na Lishe ilikitangaza tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto. Nashangaa tumekiacha huko kwa watoto. Tatizo la uji ni hili: ukiwa mwepesi wa kunyweka, ni maji, ukiwa na unga wa kutosha, unakuwa mzito na mgonjwa anausukuma pembeni. Kimea kinatatua hilo. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uutandaze kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike ukauke kabisa, fikicha vichipukizi vitoke, saga.

Siku ya kupika, chukua gramu 100 za unga wa kawaida kwa nusu lita ya maji. Utapata kitu kizito, karibu na ugali laini. Uive vizuri, ipua, acha upoe mpaka kidole kivumilie. Hapo tia kijiko kimoja kikubwa cha unga wa kimea, koroga. Nenda taratibu uone kwa macho yako: mwiko uliokuwa unasimama wenyewe unaanza kuinama, kingo za uji zinaachia sufuria, na baada ya dakika chache unamiminika kama maziwa mgando yaliyopigwa. Hakuna maji yaliyoongezwa. Unga ni ule ule, wanga umekatwakatwa tu. Ukitia kimea uji ukiwa bado unatokota, hakifanyi kazi, joto linakiua. Kisha rudisha motoni uchemke tena dakika tano, na hatua hii usiiruke: nafaka iliyochipua kwenye unyevu hubeba vijidudu, na kinga ya mgonjwa wako iko chini. Mwisho weka vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga na chumvi kidogo. Sukari? Weka, kama anaipenda.

Vikombe viwili vya uji huo vina kalori kama 550 na protini gramu 16. Vikombe viwili vya uji mwepesi wa kawaida havifiki hata nusu ya kalori hizo.

Endelea na siku. Bakuli la maharage ya nazi, yaliyoungwa kwa nusu kikombe cha tui zito: kalori kama 500, protini gramu 19 au 20. Bakuli la choroko jioni: 210 na 14. Nusu parachichi: 160. Konzi moja ya karanga, au nyingine iliyosagwa kwenye kisamvu: 170 na 7. Jumla inazidi kidogo kalori 1,500 na protini gramu 58 hivi, kabla hujahesabu wali, viazi vitamu na mchicha wenyewe. Mchicha uungwe kwa karanga au tui, tafadhali. Mafuta ambayo watu wanayaogopa ndiyo rafiki wa mtu anayekula vijiko sita.

Maharage yaloweke usiku kucha, maji yale yamwage, upike kwa maji mapya. Gesi hupungua. Wengine wanayasaga na kuyachuja ganda kwa mgonjwa mwenye tumbo zito. Ni sawa kabisa.

Karanga zinanipa wasiwasi mmoja, nao ni sumukuvu. Sumu hii ya ukungu ni chanzo cha saratani ya ini, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo nunua karanga nzima, kamwe usinunue zilizokwisha sagwa usizojua zimetoka wapi. Zimwage kwenye ungo, kaa mahali penye mwanga, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye ukungu. Ukionja ikawa chungu, tema. Ndiyo maana pia siupendi ule unga wa lishe wenye nafaka kumi, ambamo karanga zimesagwa pamoja na mahindi na kukaa dukani miezi. Mafuta yake yanachacha, na huwezi kuchambua unga.

Soya: wanawake wenye saratani ya titi wanaikimbia kwa sababu wamesikia ina kitu kinachofanana na homoni ya kike. Soya ya chakula, kwa kiasi cha mlo wa kawaida, ni salama kwao. Vidonge vya soya ni jambo lingine, viache.

Kuhusu mdomo, muulize mgonjwa kila siku, kwa sababu jibu hubadilika. Akisema kila kitu kina ladha ya chuma, ukwaju na ndimu vinasaidia, na kijiko cha mti au cha plastiki pia. Akiwa na vidonda mdomoni, ukwaju huo huo ni moto: lainisha chakula, kipoe, pilipili marufuku. Kwa waliopigwa mionzi shingoni, mate yamekauka na kumeza ni mateso, sijaona kinachoshinda mlenda. Watu wa mijini wanaudharau. Mlenda wa karanga unateleza, unabeba protini, na unapita pale ambapo ugali mkavu umekwama. Kachumbari na matunda yasiyomenywa yaoshwe kwa maji safi, na juisi ya barabarani yenye barafu iwe mwiko mpaka kinga irudi. Balungi uliza kwanza, lina ugomvi na baadhi ya dawa.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe nimebadilika. Wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi hupigwa mionzi ya nyonga, na wengi huharisha. Nilifundishwa kuwaondolea nyuzinyuzi zote: maharage hapana, dona hapana, mboga hapana. Niliwaambia hivyo wanawake wengi. Mwaka 2017 ukachapishwa utafiti wa Uingereza ulioonyesha kuwa waliohimizwa kula nyuzinyuzi zaidi walipata shida ndogo za utumbo kuliko wengine. Siku hizi siwakatazi. Anayeharisha sana nampunguzia kwa siku hizo na kumpa uji, wali na ndizi, akitulia anarudi kwenye choroko kidogo kidogo. Sina uhakika kipimo sahihi ni kipi kwa kila mmoja, na ninamwambia hivyo.

Na mimea tupu, je, ni bora kuliko chakula chenye samaki na mayai wakati wa matibabu? Sioni sababu ya kumlazimisha nyama asiyeitaka. Wengi nyama inawanukia vibaya kipindi hicho, basi kunde na karanga ni wokovu. Ila akifuata mimea kwa muda mrefu atahitaji vitamini B12 kutoka kwenye vidonge, kwa sababu mimea haina. Na mgonjwa akisema "leo natamani yai", mpe yai. Nimeona rafiki akimnyima mgonjwa yai kwa jina la afya, mgonjwa akageukia ukutani. Aliyetamani kula ameleta habari njema. Usimjibu kwa mashariti.

Lipo jambo zito zaidi. Kukonda kwa saratani hakutokani na njaa peke yake. Ugonjwa wenyewe huchochea mwako ndani ya mwili, huvunja misuli na kuzima hamu ya kula, na wapo wagonjwa wanaokonda hata wakilishwa vizuri kuliko wote. Uji wangu haumalizi hilo. Nakuandikia wewe uliyepika miezi sita, ukapima karanga, ukakesha, na bado uzito ukashuka: hukukosea. Na saratani ikifika mwisho, mtu akikataa chakula, kumlazimisha kunamuumiza. Vijiko viwili akiwa radhi vinatosha, au kulowanisha midomo yake tu.

Binti wa Mbagala aliniuliza mwisho kama ampikie mbaazi za nazi Alhamisi, siku ya dripu ya nne, kumfurahisha, maana ndicho chakula anachokipenda tangu utotoni. Nikamwambia asithubutu. Chakula unachokula siku ya kutapika, ubongo unakishika kama mkosaji, na mtu anaweza kukichukia miaka. Alhamisi ampe uji, biskuti kavu, viazi vya kuchemsha, chakula kisicho na kumbukumbu. Mbaazi zisubiri Jumanne inayofuata, kichefuchefu kikishapita, tui liwe zito, na achemshie jikoni kwa jirani ili harufu isimtangulie.