Anduin: mto ambao wengi tunaujua nusu nusu

Ukimuuliza mtu Anduin ni nini atakwambia ni ule mto wa kwenye The Lord of the Rings wenye masanamu mawili makubwa na yule shujaa Boromir akafia pale karibu, basi. Sema Tolkien aliuandikia mto huu historia ndefu sana, shida ni kwamba nyingi iko kwenye viambatisho vya mwisho wa kitabu ambavyo watu wanaviruka. Haya ndo makosa ninayoyasikia mara nyingi.

"Unaanzia Lórien." Hapana, Lórien, ule msitu wa Elf, ndo Frodo aliyebeba Pete na wenzake walipopandia boti tu. Chanzo chake kiko kaskazini mbali huko, pale Misty Mountains zinapokutana na Grey Mountains, halafu unashuka kusini, milima huku, msitu wa Mirkwood kule, mpaka ghuba ya Belfalas. Mababu wa watu wa Rohan walikuwa wanakaa huko huko juu, mwaka 2510 wa Enzi ya Tatu (miaka yote humu ni ya enzi hiyo) wakashuka na farasi wao kuuokoa Gondor, ufalme wa kusini, na ndo wakapewa nchi.

"Unapita Mordor, nchi ya adui Sauron." Haupiti, katikati kuna Ithilien na safu ya milima. Kinachotoka upande ule ni kijito cha Morgulduin tu, na maji yake hata usiyaguse.

"Si wangeteleza na boti moja kwa moja mpaka Gondor?" Kwa maji makali ya Sarn Gebir wangevunjikia kwenye miamba, na wakipona hapo mbele kuna maporomoko ya Rauros, boti haishuki pale labda uibebe begani.

"Isildur ndo alijenga Argonath, yale masanamu mawili." Yeye ndo amechongwa, yeye na ndugu yake Anárion, wafalme wa mwanzo wa Gondor. Aliyejenga ni mfalme mwingine wa Gondor, Rómendacil II, baada ya vita vya mwaka 1248, na hakuwa anapamba mto, alikuwa amepiga marufuku wageni kuteremka kupita vilima vya Emyn Muil. Kwa hiyo ule mkono ulioinuliwa sio salamu, ni "rudi ulikotoka".

"Osgiliath ni magofu ya mpakani." Saa ya vita vya Pete, vile vya kwenye kitabu, ni kweli, lakini kumbe ule ndo ulikuwa mji mkuu wa Gondor, mto unapita katikati yake! Ukachomwa vita vya ndugu kwa ndugu mwaka 1437, tauni ikaja 1636 ikaua mfalme na watu wengi, mwaka 1640 ufalme ukahamia Minas Anor, ile tunayoiita Minas Tirith. Yaani mji ulikufa polepole na Sauron alikuja kumalizia tu.

Halafu kuna Pete ya Sauron yenyewe. Watu wanasema Gollum aliiokota, hapana, aliyeizamia ni Déagol, kama mwaka 2463, Sméagol, ndo huyo Gollum, akamnyonga akaichukua. Kabla ya hapo alikuwa nayo Isildur, ikamponyoka akiogelea kwenye Anduin mwaka wa 2, Orc wakamwona wakampiga mishale, kwa hiyo Pete ilikaa kwenye tope la Gladden, penye mabwawa ya mto huu, zaidi ya miaka 2,400. Ninachokipenda mimi ni kwamba hata ndani ya hadithi kuna mtu alisambaza dhana potofu kuhusu mto huu kwa makusudi: mchawi Saruman, mwaka 2953, aliwaambia wenzake wa Baraza la wapinzani wa Sauron kwamba Pete imeshabebwa na Anduin mpaka baharini, na huku yeye mwenyewe alianza kuitafuta kule Gladden tangu 2851. Na wakamuamini!

Ila inayonikera kuliko zote ni hii, "jeshi la wafu ndo lilishinda vita vya Pelennor, pale nje ya Minas Tirith." Hilo ni la filamu. Kitabuni wafu waliishia Pelargir, bandari ya zamani kuliko Gondor yenyewe, waliwatisha maharamia wa Umbar mpaka wakajirusha majini, Aragorn, mrithi wa wafalme aliyewaita, akawaachia waende zao. Waliopanda zile meli za maharamia ni watu hai wa kusini, Lebennin, Lamedon na kwingineko, na waliopiga makasia wengine walikuwa watumwa waliofunguliwa minyororo siku ileile. Walikuwa wanapanda mto kwa shida, usiku upepo ukageuka ukavuma kutoka baharini, tanga zikajaa. Asubuhi waliokuwa ukutani Minas Tirith wakaona matanga meusi wakajua wamekwisha, mpaka bendera ikafunguka kwenye meli ya mbele, mti mweupe na nyota saba, alama za wafalme wa Gondor.