Ile pete yenye namba haikuwekwa kwa urembo

Wiki hii nimeletewa tena na jirani drili nzima ikiitwa mbovu. "Fundi, hebu niangalizie. Skrubu ikikaribia mwisho inakoroma kra-kra-kra, halafu biti inasimama. Nimeambiwa volti zake ni chache, ninunue ya 20." Niliipokea nikaangalia pete, ile yenye namba mbele ya mashine, nyuma ya kinywa kinachoshika biti: ilikuwa kwenye 3. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza. Nimeshawaeleza watu jambo hili kwa mdomo mara nyingi mno, na wengine wamekuja kuniuliza wakiwa wameshanunua mashine ya pili. Basi leo naliandika.

Mlio ule ni klachi, kifaa kinachoachia msokoto usizidi kiasi, na klachi ikilia inafanya kazi yake. Nyuma ya pete kuna springi inayokandamiza vigololi. Skrubu inapogoma kuliko springi inavyoweza kuhimili, vigololi vinaruka kutoka kwenye vishimo vyake, mota inaendelea kuzunguka, biti inasimama. Unapoongeza namba unaikaza springi. Ukifika kwenye ile picha ndogo ya biti umeifunga klachi kabisa, na nguvu yote ya mota inakwenda moja kwa moja kwenye skrubu. Picha ile ni ya kutobolea, na drili nyingi za nyumbani zinaishi hapo mwaka mzima.

Matokeo yake yaangalie kwenye bawaba ya kabati la chipubodi. Chipubodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Skrubu inapoingia, hesi yake, ile mistari inayoizunguka, inajichongea njia na kushikilia kuta za tundu. Kichwa kikishakaa kwenye bawaba, skrubu haina tena pa kwenda. Ukiizungusha nusu duara zaidi, hesi inazigeuza zile chembe kuwa unga. Mkononi unasikia wazi: kulikuwa na ukinzani, ghafla pakawa pepesi. Tundu hilo limekufa. Kwenye mbao ngumu skrubu yenyewe ndiyo inayokatika shingo. Skrubu za shaba ndizo dhaifu kuliko zote, na kwangu haziingii kabla sijatangulia kupitisha ya chuma ya saizi ileile, nikaitoa, ndipo nikaiweka ya shaba kwa mkono.

Sasa linakuja swali linalonichosha: "Niweke namba ngapi?" Namba zile si kipimo cha chochote. Kila kiwanda kinapanga zake. Tano ya mashine moja inaweza kuwa tisa ya nyingine, na springi iliyofanya kazi miaka mingi haikazi kama mpya. Anayekutajia namba bila kuiona mashine yako na mbao yako anabahatisha. Fanya hivi: chukua kipande cha mbao ileile, anza na 2, gia ya kwanza, ile ya polepole, piga skrubu. Klachi ikilia kichwa kikiwa bado nje, ongeza moja. Endelea mpaka kichwa kikae sawa na uso wa mbao ndipo klachi ilie. Hiyo ndiyo namba yako ya leo, kwa skrubu hiyo na mbao hiyo.

Hata hivyo klachi si mizani. Ukienda kwa gia ya pili huku umebana kitufe mpaka mwisho, mzunguko wenyewe unaibeba skrubu ikapita kiasi kabla vigololi havijaruka. Ukikutana na kifundo cha mbao, klachi italia mapema na skrubu itabaki imesimama katikati. Ndiyo maana kwenye samani nzuri mizunguko miwili ya mwisho naimalizia kwa bisibisi ya mkono, ingawa kitabu cha maelezo kinazungumza kana kwamba pete inatosha.

Tuje kwenye volti. Seli moja ya lithiamu-ioni, yaani kijibetri kimoja ndani ya betri, huhesabiwa volti 3.6. Panga tano kwa mfululizo, unapata 18. Seli hizohizo zikiwa zimetoka tu kwenye chaja, bila mzigo, husoma kama 4 au zaidi kidogo kila moja. Zidisha 4 kwa tano, unapata ile 20 inayoandikwa kwa maandishi makubwa. DeWalt wanauza mfumo wao Ulaya ukiwa na alama ya 18V, na Marekani mfumo uleule unaandikwa 20V MAX. Kadhalika iliyoandikwa 12 mara nyingi ina seli tatu, yaani 10.8. Kwa hiyo anayetupa ya 18 ili anunue ya 20 amenunua maandishi.

Volti inakuambia idadi ya seli. Skrubu inaisikia nguvu ya msokoto, inayoandikwa kwa Nm (newtoni-mita), na hapo nako soma vizuri, kwa sababu huwa kuna namba mbili. Kubwa ni ya mashine ikikwama ghafla kwenye kitu kigumu kama chuma. Ndogo ni ya kwenye kitu laini kama mbao, na hiyo ndiyo inayokuhusu wewe unayefunga rafu na fimbo za pazia. Bawaba ya kabati haihitaji hata Nm 5, na drili ndogo ya volti 12 inazidi hapo mara kadhaa.

Betri nayo ina siri ambayo wauzaji hawaielezi. Drili ileile ukiiondoa betri ya Ah 2 (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobeba) ukaivalisha ya Ah 4 yenye safu mbili za seli, mara nyingi inapata nguvu zaidi kwenye kazi nzito, mbali na kudumu muda mrefu. Mzigo unagawanywa kwenye safu mbili, kila seli inatoa nusu ya mkondo, na volti haishuki sana mashine inapokazana. Wengi wanaolalamikia mota wanapaswa kuangalia betri kwanza. Upande wa pili, betri ile ni nzito, na ukiwa juu ya ngazi umeinua mkono uzito huo unautamani uondoke. Na usiimalize betri kabisa "ili izoee." Ushauri huo ulitoka enzi za nikeli-kadmiamu, betri zilizokuwa kwenye drili ya kwanza isiyo na waya ya Black & Decker mwaka 1961. Lithiamu haipendi kulazwa ikiwa tupu wala kuachwa kwenye joto.

Skrubu zinazoharibika kichwa pia husingiziwa mashine, na mara nyingi kosa ni biti. Skrubu ya nyota si moja. Itazame kwa karibu: ukiona kati ya mikono minne ya msalaba kuna mistari mingine minne myembamba, hiyo ni Pozidriv, alama yake PZ. Isipokuwa na mistari hiyo ni Phillips, PH. Kuta za PH zimelala kidogo, kwa hiyo biti inapokazwa hujipandisha yenyewe na kutoka. Kuta za PZ zinakaribia kusimama wima, zinashika. Ukitia biti ya PH2 ndani ya skrubu ya PZ2 inaingia, inakaa, inazunguka mara nne tano, kisha trrrr, kichwa kimekuwa kibakuli. Biti za PH2 ndizo zinazojaa kwenye maboksi, skrubu nyingi za mbao ni PZ2, na lawama zote zinaiangukia drili.

Ushikaji nao una kanuni. Kidole cha shahada kilaze ubavuni mwa mashine kikielekea kwenye skrubu, kitufe ukibonyeze kwa kidole cha kati. Mkono, mashine, biti na skrubu vinakuwa mstari mmoja, na msukumo wako unafika kwenye kichwa cha skrubu bila kupinda. Anayeshika chini kabisa ya mpini anasukuma juu ya skrubu badala ya ndani yake.

Kuhusu kutangulia kutoboa kabla ya skrubu, nimebadili mawazo zaidi ya mara moja. Zipo skrubu zenye ncha iliyokatwa zinazojitobolea zenyewe, na kwenye mbao laini, katikati ya ubao, naziachia. Karibu na ukingo bado natoboa, hata pakiti ikisema si lazima, kwa sababu nimeona mbao ikipasuka kwa skrubu zilezile. Tundu liwe na unene wa kiini cha skrubu, bila kuhesabu hesi.

Kwa kutoboa ukuta, baadhi ya drili zina alama ya nyundo: biti inazunguka huku ikigonga. Kwenye tofali inasaidia. Kwenye zege lenye kokoto ngumu drili ya betri yenye alama hiyo inasota tu: biti inapata moto, ncha inakufa. Kazi hiyo ni ya mashine ya SDS, inayopiga kwa pistoni ya hewa badala ya diski mbili zenye meno zinazosuguana. Kwenye kigae zima nyundo, la sivyo utakipasua. Kwenye tofali lenye uwazi izime pia, kwa sababu inabomoa ukuta wa ndani na fisha, ile plastiki ya kushikia skrubu ukutani, inakosa pa kushika. Wapo wanaochanganya nyundo na impakti, mashine nyingine ya kufungia skrubu. Impakti inapiga kwa kuzungusha, haisukumi mbele, na nyingi hazina ile pete. Kwa skrubu ndefu ni nzuri mno. Iwe mashine ya kwanza ya nyumbani? Mpaka leo nasita. Kwenye bawaba inahitaji kidole chenye uzoefu, na mwenye nyumba ndiye anayefunga bawaba.

Ukienda kununua, chukua ya 12 au ya 18 kulingana na mkono wako, yenye gia mbili. Ifungie biti ndefu, iwashe polepole na uangalie ncha. Ikichora duara badala ya kusimama nukta moja, irudishe. Bonyeza kitufe kwa upole: ianze taratibu, isiruke.

Yule jirani alikuwa ameshaua matundu mawili ya mlango kabla hajaja kwangu. Tulichonga vijiti vyembamba, tukavipaka gundi ya mbao, tukavijaza mpaka vikabana, tukakata vilivyochomoza. Tuliviacha vikauke usiku kucha. Asubuhi tulitoboa tundu jembamba, pete kwenye 4, gia ya kwanza. Kichwa kilipokaa, klachi ikalia kra-kra, naye akaachia kitufe.