Upangaji na leseni: tofauti inayoamua kama unaweza kutolewa dukani

Mfanyabiashara aliyekodi chumba kizima barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu, na mwenzake aliyepewa kona ya kuweka meza ya M-Pesa ndani ya chumba hichohicho, wote hulipa kila mwezi na kupewa risiti. Kisheria hawako sawa hata kidogo. Wa kwanza ni mpangaji na ana haki juu ya mahali penyewe. Wa pili ana leseni tu, yaani ruhusa ya kuwapo mahali ambapo bila ruhusa hiyo angehesabiwa kuwa amevamia mali ya mtu.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inaujenga upangaji juu ya jambo moja: milki ya pekee. Kwa muda wote wa mkataba, mpangaji anaweza kumzuia yeyote asiingie, hata mwenye jengo. Mwenye jengo anaweza kujiwekea nafasi ya kuja kukagua baada ya kutoa taarifa, na hilo haliondoi upangaji. Kule kuhitaji kwake nafasi hiyo kunaonyesha kwamba mlango si wake kwa sasa.

Ufunguo peke yake hauthibitishi kitu. Mgeni wa hoteli Nakuru ana ufunguo, lakini wahudumu huingia kusafisha kila siku, naye si mpangaji. Mlinzi anayekaa kwenye nyumba ya mwajiri ili alinde vizuri kwa kawaida ana leseni, na kazi ikiisha, ruhusa nayo inaisha. Ukitaka kujua uko wapi, uliza: je, aliyekupa nafasi anaweza kukuhamisha kutoka kona hii hadi ile bila mkataba mpya? Je, huingia kufanya shughuli zake anapotaka? Dukani nani anafungua asubuhi, na asipokuja unaweza kuuza? Ukiwa chini ya ratiba ya mwingine namna hiyo, yaelekea una leseni.

Kichwa cha hati hakiamui. Katika kesi ya Street v Mountford ya 1985, mwenye nyumba, ambaye alikuwa wakili, alimpa Bi. Mountford vyumba kwa pauni 37 kwa wiki kwa hati iliyoitwa leseni. Bunge la Mabwana la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya huko, lilisema Bi. Mountford alikuwa mpangaji, kwa sababu alikuwa na vyumba peke yake, kwa muda, na kwa kodi. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini hutajwa sana humu nchini.

Kwa nini basi mtu aandike "leseni" wakati anakodisha duka zima? Mara nyingi anaikimbia Sura ya 301, sheria inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Inamgusa mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Ndiyo maana mawakili hupenda kuandika miaka 5 na miezi 3. Lakini wakiweka humo kipengele cha kuvunja mkataba kwa notisi ndani ya miaka hiyo 5, bila kosa la mpangaji, ulinzi unarudi palepale. Mpangaji anayelindwa hapandishiwi kodi wala hatolewi bila notisi ya fomu maalumu isiyopungua miezi 2. Akipinga, apeleke shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Hapo notisi inasimama mpaka baraza liamue. Anayesubiri miezi 2 ipite ndipo atafute wakili amejinyima kinga yake mwenyewe.

Mwenye leseni hana mlango huo. Akifukuzwa kinyume cha makubaliano, kwa kawaida anadai fidia, na ruhusa ikiondolewa hupewa muda wa kutosha kufungasha tu. Mwenye meza ya M-Pesa ana hatari ya ziada: mpangaji mkuu akiondoka, naye anaondoka. Kabla ya kulipa gudwili, yaani pesa ya kuachiwa nafasi ya biashara, aombe kuona kama mkataba wa mpangaji mkuu unaruhusu kugawa chumba.

Jengo likiuzwa, tofauti inauma zaidi. Upangaji wa mwezi hadi mwezi, au usiozidi miaka 2, humfunga mnunuzi hata kama haukusajiliwa. Leseni haisajiliwi. Mwenye nayo akitaka kujikinga aweke tahadhari, yaani taarifa rasmi kwamba ana dai, kwenye rejista ya ardhi.

Mashambani hali ni nyingine. Jirani akikuruhusu kupitisha ng'ombe wale mabua baada ya mavuno, hiyo ni ruhusa. Ukikodi ekari 3 Trans Nzoia au Njoro kulima mahindi peke yako, huo ni upangaji wa shamba, na mahali ambapo Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inatumika unahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, iombwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini mkataba ni batili hata kama chifu na wazee walishuhudia. Pesa uliyolipa unaweza kuidai kama deni, lakini mahakama haitakupa shamba. Kwa hiyo fomu ya bodi ijazwe kabla trekta halijaingia.