Bia ya nyumbani katika joto la Tabora: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuanzia Septemba hadi mvua za Novemba zishike, mchana wa Tabora hufika nyuzi joto 32 na wakati mwingine huzidi. Hamira nyingi za bia ya kawaida hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Hapo ndipo bia nyingi za nyumbani zinapoharibikia, na si lazima iwe kwa kukosa friji. Nyingine huharibiwa na maneno ambayo watu hupokezana bila kuyapima.

"Joto likizidi, bia inakuwa kali."

Kiasi cha kilevi hutegemea sukari iliyomo kwenye maji ya kimea na uwezo wa hamira kuila. Joto huharakisha kazi tu. Bia ikivuka nyuzi 25 hivi, hamira nyingi za kawaida huanza kutoa alkoholi nzito zinazochoma koo, pamoja na harufu ya asetoni au ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwako huo kooni ni kasoro, wala hauonyeshi kuwa bia ina nguvu. Wapo pia wanaosema joto huzalisha methanoli, ile alkoholi yenye sumu. Hapana: chanzo chake kikubwa katika uchachushaji ni pektini, kitu kinachogandisha jemu, cha matunda.

"Chumba kina nyuzi 22, tuko salama."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Hamira inapokula sukari hutoa joto. Kwa bia ya nguvu ya wastani, joto hilo lote kama lisingepata pa kutokea lingepandisha bia kwa zaidi ya nyuzi 10. Kwa kuwa sehemu kubwa hupotea hewani, mara nyingi bia huwa juu ya chumba kwa nyuzi 3 hadi 5, hasa siku 3 za mwanzo. Kwa hiyo pima bia yenyewe. Bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, ukifunike kwa kipande cha sponji na utepe wa gundi ili kisisome hewa ya nje.

Siku hizo 3 ndizo za kupigania. Ladha mbaya nyingi za joto huzaliwa hapo, na ukipoza siku ya 5 utakuwa umechelewa.

"Ikishikika kwa mkono, weka hamira."

Sufuria ya maji ya kimea yaliyochemshwa, hata ikishikika kwa mkono, inaweza kuwa na nyuzi 35. Ukimwaga hamira hapo ukitegemea kupoza baadaye, itaanza kazi kwa kishindo na joto lake litakushinda. Poza sufuria kwenye beseni la maji, ubadilishe maji mara 2 au 3, kisha mimina kwenye ndoo iliyosafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Bado ina nyuzi 27? Funga mfuniko, iache usiku kucha, weka hamira alfajiri ikiwa imeshuka hadi 18 au 19. Kama vyombo ni safi, kungoja huko ni salama kuliko haraka. Kwenye ndoo ya lita 20 tia lita 16 tu. Nafasi inayobaki ni ya povu.

"Gunia bichi linapoza popote."

Gunia au fulana ya pamba iliyolowa hupoza kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto. Hewa ikiwa tayari imejaa unyevu, hayakauki. Kwenye hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 30, kama mchana mkavu wa kiangazi hapa, kitambaa kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 20. Kwenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo mtu wa Kigoma kando ya ziwa ataikuta wakati wa mvua, kikomo ni kama 25, hata ukipepea vipi. Simamisha ndoo ndani ya beseni la maji, ivishe fulana, upindo wake uzame majini ili inyonye yenyewe, kisha elekeza feni. Nailoni hainyonyi. Kijiko kimoja cha klorini ya kufulia ndani ya maji ya beseni huzuia kuvu.

"Blanketi linapasha."

Blanketi halina joto lake. Linazuia joto kupita. Ndoo peke yake ukiifunika, umelifungia ndani joto la hamira. Lakini beseni lenye barafu ukilizungushia blanketi, joto la chumba linachelewa kuingia na barafu inadumu. Usichanganye njia hizi mbili, maana blanketi juu ya fulana bichi linazuia maji kukauka. Chagua: kitambaa na upepo wakati wa ukavu, au barafu na blanketi wakati wa unyevu.

Kwa njia ya barafu, jaza chupa za lita 1.5 hadi kiasi cha lita 1.3 ili zisipasuke, zigandishe, ziweke kwenye maji ya beseni. Kwa lita 16 za bia na lita 24 za maji, chupa moja ikiyeyuka yote hushusha kama nyuzi 3. Anza na 2 asubuhi na 2 jioni, kisha fuata kipimajoto. Barafu usiitie ndani ya bia: inaizimua na inaweza kuingiza vijidudu. Kufungua mfuniko "ipumue" nako kunaingiza hewa na uchachu. Kama ndoo ina mpira wa kutolea gesi ambao ncha yake imezamishwa kwenye chupa ya maji, bia ikipoa ghafla mpira huo hunyonya maji hayo kurudi ndani, kwa hiyo yawe yaliyochemshwa.

"Bila friji haiwezekani."

Friji ya nyumbani yenye nyuzi 4 huilaza hamira ya kawaida usingizi. Afadhali ubadili hamira. Kveik, hamira za mashambani za Norway, hufanya kazi safi kati ya nyuzi 30 na 40. Au ubadili msimu: usiku wa Juni na Julai hapa ni wa baridi, na kazi inakuwa nyepesi.

"Ipoe mpaka mwisho."

Povu likishapungua, kama siku ya 4 au ya 5, acha bia ipande hadi 21 au 22. Hamira hapo husafisha ladha ya siagi iliyoiacha. Usiongozwe na mapovu kuamua kujaza chupa. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, na namba ikibaki ileile kwa siku 3, jaza. Ikiendelea kushuka, sukari ingali inaliwa, na chupa ya kioo iliyofungwa mapema inaweza kupasuka.